Waliosoma Law School, ada mlitoa wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nina LLB (degree ya sheria) tayari, nataka kuomba Law School pale Simu 2000, Dar. Bila kupita pale uwakili usahau, hata kama chuoni ulikuwa unaongoza darasa. Tatizo nyumbani wanajua nimeshamaliza shule. Nikimwambia mzee kuna ada nyingine, ataniuliza ile sherehe ya mahafali tulichinja mbuzi wa nini. Mliopita, hela mlitoa wapi?

Mtoto wa Ticha: Mama alikopa SACCOS ya walimu, akawa anakatwa kwenye mshahara. Ada ikaisha hapo. Kilichonitesa ni chumba. Sinza kila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikaishia kulala kwa binamu Mbagala. Alfajiri nagombania daladala, suti iko kwenye begi, navaa nikishafika, maana shati jeupe ukilipanda nalo gari la Mbagala linashuka na rangi nyingine. Halafu ukienda field mahakamani hulipwi, na kila siku unatakiwa uonekane mtanashati.

Mzee wa Pingamizi: Tuliuza shamba la familia, Kilombero. Wadogo zangu mpaka leo wananiita Mheshimiwa Heka Mbili.

Dada Wakili: Mimi nilianza kazi kwanza. Nilikuwa karani kwa wakili mmoja, naandaa hati za madai, nakimbiza majalada masjala, kila mwezi naweka kidogo kwenye kikoba. Faida yake si hela tu. Nilivyoingia darasani, mambo ya kuandika nyaraka nilikuwa nayo mkononi. Mdogo wangu, bajeti usiishie kwenye ada, weka na ya sapu, yaani kurudia mitihani. Mnakumbuka matokeo ya 2022? Watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Wa kurudia mitihani walikuwa 342, na 265 wakaondolewa kabisa. Waziri akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe, nchi nzima ikajadili. Watu wakabishana nani mzembe, mwanafunzi au mwalimu. Mimi nilikuwa nawaza hao 342: nani alikuwa na kodi ya kuendelea kukaa Dar?

Mjomba Kilwa: Na Bodi ya Mikopo siku hizi ina mwongozo wake kwa wanafunzi wa Law School. Usome wote kabla hujauza kitu. Ila ujue deni la degree liko palepale, hili linakaa juu yake.

Mleta mada: Asanteni sana. Dada Wakili, hiyo field mtu anaweza kufanyia mkoani? Songea nina pa kula na kulala bure.

Dada Wakili: Mimi nilifanyia Moshi, nyumbani. Omba mapema. Na chumba cha Dar usikiachie kikae tupu, tafuta mwenzako aliyebaki mgawane kodi.