Mjadala: Mwalimu aliyedhalilisha wanafunzi aalikwe tunapokutana tena?

Kila darasa linapopanga kukutana baada ya miaka mingi, orodha ya walimu huandikwa harakaharaka: wote walio hai waalikwe, wakae meza kuu, wapewe zawadi. Mimi napinga hiyo "wote", na naomba tubishane kwa hoja.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la maandalizi, jina la mwalimu mmoja lilipotajwa, dada tuliyesoma naye aliandika: "Huyo akija, mimi siji." Mwalimu huyo alikuwa akirudisha karatasi za majaribio kwa kuanzia alama za chini, na aliyeshika mkia alisimama mbele, uso ukutani, mpaka kipindi kiishe. Mara nyingi alikuwa dada huyo. Akajibiwa kwa emoji za kicheko, kisha watu wakarudi kujadili rangi ya fulana. Tangu hapo yuko kimya. Kimya hicho kimeniuma sana.

Wanaotaka aalikwe wanasema enzi zile malezi yalikuwa hivyo. Sikubali. Mwalimu wetu wa hisabati alifundisha enzi hizohizo, darasa hilohilo, na walioshindwa alibaki nao baada ya kengele akiwaeleza upya, bila kumtaja mtu alama zake mbele za wenzake. Tena sisi tulianza shule baada ya mwaka 1989, ulipopitishwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao ibara yake ya 28 inataka nidhamu ya shule ilinde utu wa mtoto. Utu wa mtoto haukuwa jambo geni.

Wengine wanasema yaliyopita si ndwele. Kusamehe ni haki ya aliyeumizwa. Kamati haiwezi kumsamehea. Wanasaikolojia wameonyesha kwamba watu wazima hukumbuka mambo ya ujana wao kuliko ya miaka mingi iliyofuata. Ndiyo maana tunatamani kuonana, na ndiyo maana aibu ya darasani haijamtoka dada yule.

Hoja iliyonisumbua kweli ni ya mwenzetu mmoja, mhandisi, anayesema bila ukali wa mwalimu yule asingefika alipo. Namwamini. Lakini anaweza kumtembelea nyumbani akamshukuru kwa nafasi. Shukrani yake haihitaji mwingine akae ukumbini akipiga makofi huku moyo unamuuma.

Napendekeza kabla ya mwaliko wowote kutoka, mtu mmoja anayeaminika aulize faraghani kama kuna mwenye jambo na mwalimu fulani, na jibu lisipelekwe kwenye kundi. Mwalimu akitaka kuomba radhi, aombe mapema, pembeni, kama aliyeumizwa yuko tayari kumsikiliza. Asipewe kipaza sauti kwa kazi hiyo, maana mbele ya ukumbi mzima aliyeumizwa atalazimika kutabasamu. Na nguvu tunayotumia kumtetea mmoja tuitumie kumtafuta yule wa hisabati, ambaye hadi sasa hakuna aliyeulizia anaishi wapi.

Kamati inataka tupige kura. Mimi naona kura haifai hapa, kwa sababu walioumizwa siku zote watakuwa wachache. Nyinyi mngeamuaje? Na walimu mnaosoma haya: kama kuna mwanafunzi wenu wa zamani anayeogopa kukutana nanyi, mngependa kuambiwa kabla ya kuja?