Tupeane uzoefu: ulitenganishaje lililo mikononi mwako na lisilo lako?

Mwenye uzi
Wakuu, salaam. Biashara ikidorora, tunasema mkono wa mtu. Mtoto akifeli, mwalimu. Bomba likikauka, serikali. Sisemi serikali haina makosa, inayo, na mengine yanaumiza watu. Ila naona tukishapata wa kumlaumu tunaacha kufikiri, na jambo linabaki pale pale. Tuelezane visa ambavyo mtu alituliza akili akauliza: hapa langu ni lipi, na la mwenzangu ni lipi?

Naanza na la kijijini kwetu. Pampu ya kisima ilikufa, wanawake wakarudi mtoni. Kila jioni pale kwa muuza kahawa ilikuwa ni "viongozi wamekula hela". Sawa, lakini mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu, ulikuwa unaahirishwa kwa sababu akidi haitimii. Waliokuwa wakali kwenye kahawa ndio hao hao hawatokei. Mama mmoja, jirani yetu, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wanawake wenzake waje na ndoo zao. Walijaa. Akasimama: "Mwenyekiti, ndoo moja tunalipa shilingi 50. Daftari la makusanyo liko wapi?" Mhazini akasema liko nyumbani. Akaambiwa alifuate, watu watasubiri. Wakasubiri kweli, juani. Lilipokuja, kurasa za miezi kadhaa zilikuwa tupu. Kamati ikavunjwa hapo hapo, ikachaguliwa nyingine, na makusanyo yakaanza kubandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Mhazini alikuwa na kosa lake, hilo halina mjadala. Lakini lilipata nafasi ya kukua kwa sababu sisi hatukuwa tunaenda mkutanoni.

Bodaboda wa Mwanza
Mkuu umegusa penyewe. Mwenzetu alianguka kwenye mteremko, akavunjika mguu. Kijiweni ikawa kesi: wiki iliyopita aligombana na fulani, huyo fulani babu yake mganga. Maneno yalikuwa yanaelekea pabaya, mzee wa watu angeweza kudhuriwa. Mwenyekiti wetu wa kijiwe akasema twendeni kwanza tukaiangalie pikipiki. Tairi la nyuma kipara kabisa, breki imeisha. Basi. Siku hizi kila Jumatatu tunakaguana tairi, breki na taa kabla ya kuanza kazi, na asiyepita habebi abiria. Barabara bado ina mashimo na hilo tumelipeleka kwa diwani, lakini breki ni zetu.

Muuguzi mstaafu
Wanangu, mnakumbuka 2011, kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu wa Samunge kule Loliondo, kilichosemwa kinaponya magonjwa sugu? Shilingi 500, magari yamepanga foleni ya kilometa na kilometa. Wagonjwa wangu wengi walikwenda. Sikuwacheka hata mmoja, maana mtu anayeumwa anatafuta tumaini. Nilichowaomba ni kimoja: kunywa kikombe chako, ila dawa za presha, za sukari na ARV za virusi vya UKIMWI usiziache, kisha rudi tupime. Waliorudi tulipima pamoja, nikawasomea namba wenyewe wakaona. Kuna walioacha dawa kwa sababu jirani alisema amepona. Hao walirudi wamebebwa, na wengine hawakurudi. Nasema kwa uchungu.

Mwana wa Nakuru
Kwetu Kenya ni Muswada wa Fedha wa 2024, ule uliopendekeza kodi mpya. Kilichonigusa ni kwamba vijana waliusoma. Tulikaa watu wachache na simu moja, tunapitia kifungu baada ya kifungu, mwingine anamwelezea mama yake kwa Kikikuyu kodi ya mkate ina maana gani kwa kioski chake. Katiba ya 2010 inalitaka Bunge lishirikishe wananchi, kwa hiyo tukatuma maoni yetu kwa maandishi. Muswada uliondolewa mwishoni mwa Juni, baada ya damu kumwagika barabarani kwenye maandamano ya kuupinga, na damu ile ni juu ya waliofyatua risasi. Asitokee mtu kuwaambia wazazi wa wale vijana habari za uwajibikaji binafsi.

Dada wa Tanga
Aliyetangulia amenipa ujasiri wa kusema hili. Neno "uwajibike" linaweza kumuua mtu. Mdogo wangu baada ya kujifungua alikuwa hali chakula, halali usingizi, mtoto analia yeye anaangalia ukuta. Ukoo mzima ukasema mvivu, anadeka, ajikaze. Nikampeleka hospitali, wakasema ni sonona ya baada ya uzazi. Kuumwa hakukuwa juu yake. Kwenda kliniki na kumeza dawa kulikuwa juu yake, na siku alizoshindwa hata kuinuka kulikuwa juu yetu. Kumwogesha mtoto, kupika uji, kufua nepi, tuligawana.

Mwenye uzi
Pole sana dada. Na wakwe mliwaelewesha vipi?

Dada wa Tanga
Tulimpeleka mama mkwe kliniki, daktari akaongea naye faragha muda mrefu. Aliuliza maswali mengi, hata ya aibu, akajibiwa yote. Tangu hapo yeye ndiye anayemkumbusha saa ya dawa, na akisikia mtu anasema mvivu anamnyamazisha mwenyewe.