Kanda 31 za marehemu bibi zimeota ukungu, nifanyeje?

Mjukuu_wa_Wete:
Assalaam alaykum jamaa. Bibi yangu alifariki mwaka juzi hapa Wete, Pemba, akaacha kasha lenye kaseti 31. Si za taarab wala mawaidha. Ni barua. Dada yake alihamia Maskati miaka ya 70, na wote wawili kalamu ilikuwa nzito mkononi, basi walizungumza kwenye kanda, ikapewa msafiri. Bibi alizitia alama za nyuzi: nyekundu msiba, kijani arusi, nyeupe salamu tu. Juu yake hakuna jina wala tarehe.

Nilimpelekea fundi mmoja ya uzi mwekundu. Akaipachika kwenye rikoda yake ya vumbi, hazikupita dakika mbili ikaila. Ilitoka imekunjamana kama utumbo wa kuku. Ananambia lete zote nikutilie kwenye fleshi, hizi kongwe ukazichome. Nikachukua changu nikaondoka. Mjomba naye anasema nizitupe, zinamkohoza.

Nianzie wapi?

Fundi_Mstaafu:
Waalaykum salaam mwanangu. Mjomba ana haki ya kukohoa, ule ukungu una madhara kifuani. Vaa barakoa, fanyia kazi uani. Na usipachike kanda yoyote kwenye rikoda kwanza! Ukungu wa moja unahamia kwenye kichwa cha rikoda, ukaambukiza zote zinazofuata.

Ziweke wima pahala pakavu penye hewa, si juani, siku kadhaa. Futa maganda kwa kitambaa kikavu. Zilizofungwa kwa skrubu tano ni rahisi: fungua, hamishia kanda kwenye ganda la kaseti nyingine usiyoijali. Angalia kile kisifongo kidogo kinachoisukuma kanda iguse kichwa. Kwa uzee gundi hukauka, kikaanguka, na sauti ikawa kama mtu anazungumza chini ya mto. Kizungushe kigurudumu kwa penseli polepole, ukiona haikwami ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe, ndipo uisikilize. Kichwa cha rikoda na kigurudumu chake cha mpira ukisafishe kwa spiriti na pamba kila baada ya kanda moja. Vunja vile vijino viwili vya mgongoni, mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Zile za dakika 120 ziache mwisho. Utepe wake mwembamba sana, ndizo zinazoliwa upesi.

Waya kutoka rikoda hadi kompyuta, hifadhi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, kilohezi 48. Dakika 90 zitakula kama GB 1.5. MP3 iwe ya kurushia jamaa kwenye simu tu. Iliyokunjamana usiitupe: ikinyooshwa sauti itayumba, lakini maneno utayapata. Na kongwe haichomwi hata baada ya kunakili. Miaka ya 60 na 70 BBC yenyewe ilifuta kanda za vipindi vyake ili izitumie tena, maana kanda ilikuwa ghali. Leo nakala zinatafutwa kwa watu binafsi.

Kijana_wa_Darajani:
Dada samahani, sina nia mbaya. Salamu za mabibi wawili ndiyo uhangaike hivi? Urithi ni nyimbo za taarab za Siti binti Saad bwana.

Mjukuu_wa_Wete:
Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zile zikauzwa madukani kama sukari. Hakuna aliyenunua akisema leo nimenunua urithi. Kwa bibi kuna bei ya karafuu, nani kaolewa na nani, na Kipemba ambacho watoto wangu hawakijui, wao wanazungumza kama televisheni.

Mtoto_wa_Maskati:
Kila kasha la Pemba lina mwenzake huku. Ulizonazo ni sauti ya dada mtu peke yake; sauti ya bibi yako iko Maskati, kama haijatupwa. Watafute watoto wa huyo dada mtu haraka, na wenye umri uwasikilizishe sasa waseme sauti hii ya nani. Fundi hawezi kukufanyia hilo. Ila usizimwage mtandaoni. Mama yangu alimtukana shemeji yake kanda nzima kwa sababu ya shamba la mikarafuu, na shemeji yuko hai.

Mjukuu_wa_Wete:
Wiki tatu baadaye. Nimenakili nne. Ya kwanza ya uzi wa kijani: feni inalia, dada mtu anakohoa, anasema, "Hii nazungumza na wewe, usimpe mtu mwingine asikilize." Kisha anaimba nusu ubeti na kusahau. Nyuma kuna mtoto analilia maji, naye anamwambia subiri nazungumza na mamako mkubwa.

Mtoto huyo nimempata, sasa ana wajukuu. Kasha la mama yake lipo chini ya kitanda, kila kanda imeviringwa kipande cha kanga. Nimemrushia ile ya kijani. Akanipigia usiku, akakaa kimya muda, akaniuliza nyuzi zile maana yake nini. Nikamweleza.

Akasema zenye uzi mwekundu nisimrushie kwenye simu. Atakuja Wete azisikilize mwenyewe.