Tumelipa 1,500 kusikiliza albamu nzima, dijei akatukatia kila wimbo

Jamani, nisiposema nitapasuka.

Jumamosi nilivuka feri kutoka Likoni na mke wangu, tukaenda ukumbi mmoja upande wa Nyali. Tangazo lilisema wazi: usiku wa Solomon Burke, yule mwimbaji wa soul wa Marekani, albamu yake ya Don't Give Up on Me, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kiingilio 1,500 kila kichwa. Nikalipa kwa roho safi. CD yangu imekwaruzika kwa kuchezwa, nikatamani niisikie kwa spika kubwa.

Wimbo wa kwanza waenda taratibu, mzee anaimba kama mtu aliyesimama mlangoni akiomba asifungiwe. Ubeti wa pili haujafika, dijei kashika maiki: "Mombasa mpooo?" Kisha akaubandikia midundo ya kompyuta juu!

Albamu hiyo ya 2002 ilirekodiwa kwa siku 4 tu. Mtayarishaji Joe Henry aliwaweka mwimbaji na wapigaji pamoja wakapiga moja kwa moja. Kinanda alikipiga Rudy Copeland, kipofu, kutoka kanisa la Burke mwenyewe. Bob Dylan, Tom Waits na Van Morrison walimpa nyimbo mzee ambaye wengi walishamwacha kwenye miaka ya 60. Kile kimya baina ya sauti na kinanda ndicho tulichokilipia, na ndicho alichokijaza kelele.

Wimbo wa 10, None of Us Are Free, una kundi la nyimbo za injili la Blind Boys of Alabama. Aliukata ili aweke wimbo wa bathidei ya meza ya nyuma. Nyimbo 11 zikaisha kwa dakika 25! Mke wangu, ambaye hata hamjui Burke, akaniuliza, "Mbona hawamwachi mzee wa watu amalize?"

Nikamfuata meneja. Ati nyimbo za polepole zinachosha wateja. Hapa Mombasa? Mji ambao watu walikaa wakamsikiliza mpiga udi Zein l'Abdin mpaka udi unyamaze wenyewe, leo twaambiwa hatuwezi kuvumilia wimbo wa dakika nne? Kama hamuutaki muziki wake, msiuze tiketi kwa jina lake.

Tangazo la mwezi ujao wameshalibandika, mzee mwingine, maneno yaleyale ya "albamu nzima". Mliokuwepo Jumamosi semeni hapa, twende pamoja tukadai. Mimi nataka 3,000 zangu.