Nimeolewa nikiwa chuoni: tui la nazi linanikatikia, na kroshia sitaki kuiacha

BintiSingida

Habari zenu wapendwa, na shikamooni wakubwa zangu.

Nina miaka 23, niko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Niliolewa mwaka jana mwezi wa nane. Tunaishi Changanyikeni, chumba na sebule, na jiko letu ni kona ya sebule yenye mtungi wa gesi wa kilo 6 na meza ndogo. Friji hatuna. Mume wangu ni fundi umeme wa magari. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa mbili usiku, na kukiwa na foleni ni saa tatu.

Mimi ni mtu wa Singida. Nimekua kwa ugali wa uwele na mlenda, na nazi nilikuwa naiona sokoni tu. Mume wangu ni wa Pangani, na kwao wali usiotiwa nazi anapikiwa mgonjwa. Hajawahi kunilalamikia hata siku moja, ila mtu unamjua anapokula kwa hamu na anapokula ili usiumie. Jumapili iliyopita nilipika maharage ya nazi. Akala kidogo, akasema ameshiba, akanishukuru. Niliumia kuliko angesema chakula ni kibaya.

Nieleze ninavyofanya ili mnionyeshe kosa. Nakuna nazi moja kwa mbuzi aliyonipa mama mkwe, natia maji ya uvuguvugu, nakamua kwa chujio la chai la plastiki. Tui lote namimina kwa pamoja kwenye maharage yanayochemka, nafunika, narudi kwenye madaftari. Nikija kufunua nakuta vichembe vyeupe huku, maji huku, na mafuta yanaelea juu. Linakatika kila mara. Halafu maharage yenyewe yananimalizia gesi. Mtungi uliokuwa unafika mwezi siku hizi unaisha wiki tatu, na mimi natoa mchango wangu kwenye bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo ya kujikimu, shilingi 10,000 kwa siku ambayo humo humo kuna kutoa kopi, nauli na kula mchana.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Mama alinifundisha kufuma kwa kroshia nikiwa na miaka 11, wakati wa kiangazi, tukikaa chini ya mwembe yeye na mimi na uzi mmoja. Tangu hapo sijawahi kukaa mwezi bila sindano mkononi. Hata mwaka wa kwanza hosteli nilikuwa nafuma. Baada ya ndoa nilianza kitambaa cha meza cha mama mkwe, uzi mweupe wa pamba, maua manane yakizunguka ua moja kubwa la katikati. Nilikuwa nafuma saa moja tu kila usiku, vyombo vikishaoshwa. Muhula huu kozi weki zimebana, testi mbili wiki moja, asaimenti za vikundi ambazo kundi ni watu wanane na wanaoandika ni wawili. Ua la tano limeishia nusu, liko kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda tangu wiki ya nne.

Jirani yangu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia kwamba mwanamke anayesoma na ana mume hana saa ya kuchezea uzi. Sikumjibu. Lakini mimi nikifuma kichwa kinatulia, na nikirudi kwenye notisi zinaingia. Nisipofuma nakaa na kitabu saa tatu nikisoma ukurasa mmoja.

Naomba msaada kwa mliopita hapa: tui nifanyeje, na hiyo saa yangu moja nyie mliipataje?

BiMvita

Marahaba mwanangu. Mimi niko Mombasa, nimepika nazi miaka thelathini na kitu, na kosa lako nimelisoma hapo hapo kwenye maelezo yako. Tui halimiminwi lote pamoja, tena halifunikwi.

Nazi moja ikamue mara mbili. Kwanza tia maji kidogo sana, kama robo kikombe, ufinyange chicha, yaani hiyo nazi iliyokunwa, kwa mkono mpaka uone mkono umeingia mafuta, ndio ukamue. Hilo la kwanza zito twaliita kasimile, liweke kando. Chicha hiyo hiyo itie maji tena vikombe viwili, ukamue tui jepesi. Hilo jepesi ndilo la kupikia: maharagwe yakishaiva, na kitunguu na nyanya zishaingia, tia jepesi lichemke na chumvi yake mpaka mchuzi upungue. Mwisho kabisa punguza moto, mimina kasimile, ushike upawa ukoroge polepole kwa upande mmoja, usiondoke. Likianza kutoa mapovu madogo pembeni ya sufuria, epua. Ukiliacha lichemke kwa fujo, litakatika hata ukiwa fundi. Madaftari uyafunge kwa hizo dakika tano.

Na nyanya chachu sana hukata tui vile vile, zikaange vizuri mpaka zilainike kabla ya tui kuingia.

Wali nao ni hivyo hivyo. Mchele kikombe kimoja, jepesi kikombe kimoja na nusu. Maji yakikaribia kukauka ndio utie kasimile nusu kikombe, ugeuze mara moja kwa mwiko, ufunike. Sisi wa makaa hupalia moto juu ya kifuniko. Wewe wa gesi weka kikaango cha zamani juu ya jiko, sufuria ikae juu yake, moto mdogo kabisa, ili usiungue chini na juu ukabaki mbichi.

Jambo jingine la muhimu kwa asiye na friji: kitu cha nazi hakilali. Kwa joto la pwani, cha usiku asubuhi kimechacha. Chemsha maharagwe mengi ya chumvi tupu, yachemshe tena asubuhi na jioni, utie nazi kwenye yale ya kula leo peke yake.

Na hilo chujio la chai weka mbali. Tafuta kifumbu, ule mfuko wa kusuka wa kukamulia nazi.

Kuhusu uzi wako, mimi sijasoma chuo, sina la kukushauri kuhusu mitihani. Ila mamangu alikuwa akishona kofia za vito kila baada ya alasiri na watoto saba nyumbani, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Mkulima_Moro

Dada, pole na hongera. Mimi ni mwanaume, niko mwaka wa tatu Sokoine hapa Morogoro, nimeoa, mke wangu ni muuguzi wa zamu. Akiwa zamu ya usiku mimi ndiye mpishi, kwa hiyo la gesi nalijua.

Loweka maharage usiku kucha, maji yale yamwage. Asubuhi chemsha kwa moto mkali dakika 20 yakitokota kweli kweli, usipunguze hapo, maana maharage mekundu yasipochemka sawasawa yanaumiza tumbo. Halafu epua na mfuniko wake, usifunue, ingiza sufuria kwenye kapu kubwa ulilolipanga vipande vya godoro au blanketi kuukuu pande zote, juu weka mto. Nenda kipindi. Ukirudi baada ya saa tatu au nne yameiva kwa moto wake mwenyewe na bado yana joto, unayachemsha tena kidogo ndipo uyaunge. Usiyaache humo mpaka jioni, yakipoa yanaharibika. Sisi tulikuwa tunatumia mtungi kama wako wiki tatu, sasa tunavuka mwezi na siku kadhaa. Kunde ni rahisi zaidi, dakika 10 tu za moto kisha kapu.

Mchicha usinunue kila siku. Jaza udongo na samadi kwenye gunia moja, litoboe pembeni, sia. Wiki ya tatu kwenda ya nne unaanza kuchuma, na ukikata juu unachipua tena. Kwangu ndiyo starehe yangu, jioni nikimwagilia hayo magunia najisikia mtu. Kwa hiyo nakuelewa kabisa unaposema kroshia.

Ila nikuulize, shemeji anajua kwamba ule uzi uko chini ya kitanda? Mke wangu aliacha kwaya miezi mitano na mimi nilidhani ameichoka. Nilikuja kuambiwa na dada yake.

MwalimuIringa

Mdogo wangu, nilisoma nikiwa na mume, nilikuwa na mimba mwaka wa tatu, sasa ni mwaka wa sita nafundisha sekondari. Nitakwambia lililonipata. Mimi nilipenda sana kusoma riwaya. Nilipoolewa nikaambiwa maneno kama uliyoambiwa, nikaziweka zote kwenye boksi nikasema nitazifungua nikimaliza. Muhula ule ule nikapata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Muda niliounyima zile riwaya haukwenda kwenye vitabu vya darasani, ulikwenda kwenye simu na kwenye kulia.

Usingoje saa nzima. Beba sindano na uzi kwenye pochi, fuma ua moja moja, dogo, linaloingia kiganjani: kwenye foleni ya kutoa kopi, ukisubiri semina, kwenye daladala ukipata siti. Kitambaa cha maua manane kinaungwa mwishoni. Wiki mbili za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, kiache kabisa, hapo sikufichi. Mtihani una alama 60, kozi weki 40, huwezi kubahatisha.

Na chakula cha Jumatatu mpaka Alhamisi kisiwe cha nazi. Pika ugali na dagaa, pika mlenda wako. Yeye ameoa mtu wa Singida. Nazi iwe ya Jumamosi na Jumapili, mnapokuwa wote nyumbani.

BintiSingida

Nimerudi, wapendwa. Samahani nimechelewa, nilikuwa na testi ya Historia.

Kaka wa Moro, swali lako lilinikalia moyoni siku mbili. Usiku wa Alhamisi nilimwambia mume wangu. Nilitoa mfuko chini ya kitanda nikaufungua mezani. Alikaa kimya, akalishika lile ua nusu, akaniuliza kwa nini sikusema. Alidhani nimekiacha kwa sababu nimekasirishwa na kwao. Yaani wiki zote hizo mimi nawaza tui na yeye anawaza hilo.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua: amelelewa na bibi yake, na tangu ana miaka minane yeye ndiye alikuwa mkunaji nazi wa nyumba nzima. Jumamosi alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi mbili kabla mimi sijamaliza kuchagua mchele. Chicha yake laini, haina hata kipande cha ganda la kahawia. Mimi nikakamua kama Bi Mvita alivyoelekeza, kasimile kwenye bakuli lake, jepesi kwenye lake. Nilikoroga bila kuondoka. Halikukatika. Mchuzi ulikuwa mzito, mweupe wenye wekundu wa nyanya, na alikula mara mbili kisha akakwangua ukoko wa wali kwenye sufuria.

Sasa Jumamosi na Jumapili kukuna nazi na kuosha vyombo vya usiku ni vyake, na kuanzia saa tatu na nusu mimi nafuma. Mlenda nimempikia Jumanne, dada wa Iringa. Anajifunza kuumega, unamteleza bado. Kapu nimelipanga kwa blanketi la hosteli, maharage ya jana yaliivia humo nikiwa kipindini.

Bi Mvita, kifumbu nimekitafuta Mwenge na Mabibo sijakipata. Nimeanza kukifuma mwenyewe kwa ule uzi wa pamba uliobaki, mfuko mdogo wa duara unaoingia nazi moja. Je, utafaa, au uzi utanywa tui?

BiMvita

Utafaa sana, mwanangu. Vya asili ni vya ukindu, lakini mamangu alikuwa na cha kitambaa pia. Fuma macho madogo madogo, ukaze, na mdomo uuache mrefu kidogo upate pa kusokotea. Kabla ya kukitumia mara ya kwanza kichemshe maji tupu, na kila ukitumia kilowe maji kwanza ndio utie chicha, hapo uzi hautakunywia tui lako. Ukimaliza kifue pale pale kwa maji ya moto, sabuni ya kunukia usitie, ukianike juani. Na ukifuma, fuma viwili, kimoja kikiwa kibichi uwe na kingine.