Sap Green ya kampuni hii si ya kampuni ile: niagize ipi?

MajaniMabichi, Kampala

Habari zenu wanajamvi, poleni na kazi. Naomba ushauri kabla sijaagiza. Kuna ndugu yangu anatua Entebbe mwisho wa mwezi akitokea London, amekubali kunibebea tyubu mbili tatu za rangi za maji. Zaidi ya hapo hataki kusikia, begi lake limeshajaa maagizo ya watu.

Kazi yenyewe: nachora mimea kwa ajili ya hoteli ya watalii upande wa Fort Portal. Mgomba, mafunjo, kahawa, chai, mvule. Picha zote zitatundikwa ukuta mmoja, zimefuatana. Karibu nusu zimekamilika, na kijani changu muda wote kilikuwa Sap Green ya Winsor & Newton, zile za Professional. Sasa imeisha. Rafiki akaniazima Sap Green ya Daniel Smith nimalizie nayo. Nikapaka kipande cha jani la mgomba pembeni ya lile la zamani, banange! Moja ni kijani kilichochangamka, nyingine imepoa, ina uzeituni na ukahawia kwa mbali. Ile ya Cotman, rangi zao za wanafunzi, niliyojifunzia zamani nayo iko kivyake, na ukitaka ikolee lazima urudie.

Sasa ipi ndiyo Sap Green ya kweli? Na je, kuna kijani ambacho nikikinunua kwa kampuni yoyote kitakuwa kilekile, ili siku nyingine nisikwame? Natanguliza shukrani.

KalamuNaMaji, Jinja

Achana na jina la mbele. Geuza tyubu, kuna maandishi madogo sana yanayoanza na P, kisha herufi nyingine na namba. Hiyo ni namba ya pigmenti, yaani unga unaotoa rangi yenyewe: PG ni kijani, PY njano, PO chungwa, PB buluu. Tuandikie ya tyubu zote mbili, ndipo tuongee. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

MuyembeMbivu, Mukono

Mimi naona mnajitesa bure. Mtalii kaja kuona sokwe wa Kibale, ataanza kuuliza hili jani limepakwa na rangi ya nani? Malizia na ulicho nacho, chukua hela yako, maisha yaendelee.

MajaniMabichi, Kampala

@MuyembeMbivu mtalii hatauliza, ila mwenye hoteli ni mama mwenye macho. Picha ya mafunjo aliikagua hadi kwenye mashina, tena dirishani.

@KalamuNaMaji nimesoma kwa tochi ya simu. Winsor & Newton: PG36 na PY110. Daniel Smith: PO48, PG7 na PY150. Naona hata idadi haifanani.

MzeeWaManila, Mbale

Binti yangu, jibu lako umeshaliandika mwenyewe hapo juu. Hizo ni rangi mbili tofauti zilizopewa jina moja.

Sap Green ya kweli hakuna. Ilikuwepo zamani Ulaya, ikichemshwa kutoka kwenye matunda ya kichaka kiitwacho Rhamnus. Ilikuwa inatoka nzito, uji wa kunata, na ukiianika juani inapauka. Hakuna mtu mwenye akili anayeiuza leo kwa mchoraji. Kilichobaki ni jina, na kila kampuni inatafuta mchanganyiko wake wa kulijaza. Sap Green ni kama rolex: kila kibanda kina chapati na mayai, lakini ya Wandegeya si ya Mbale.

Sasa angalia hizo namba. PG7 na PG36 ni ndugu, wote wawili ni kijani cha phthalo, kijani kikali cha kiwandani. PG7 ina klorini peke yake na inavuta kwenye ubuluu. PG36 imeongezwa bromini, kwa hiyo inavuta kwenye njano. Winsor & Newton wamechukua huyo wa njano, wakamwekea PY110 ambayo ni njano yenye joto. Ndiyo maana unaona uchangamfu. Daniel Smith wameanza na wa ubuluu, wakamtuliza kwa PY150 na PO48, ambayo ni chungwa la quinacridone lililokaribia ukahawia. Huo uzeituni unaouona umetoka hapo.

M. Graham nao wana Sap Green: PG7 na PY110. Yaani kijani cha Daniel Smith na njano ya Winsor. Majina yanafanana, familia hazifanani.

Kwa kazi uliyoianza, usitoke kwenye PG36 na PY110. Basi.

KalamuNaMaji, Jinja

Mzee wetu kamaliza. Naongeza kwenye swali lake la pili, la kijani kisichobadilika.

Tafuta rangi yenye pigmenti moja tu. PG7 kwa Winsor & Newton inaitwa Winsor Green (Blue Shade), kwa Daniel Smith inaitwa Phthalo Green (Blue Shade). Ukizipaka pembeni kwa pembeni zikakauka, utahangaika kuzitofautisha. Tofauti utaiona kwenye mkono zaidi kuliko kwenye jicho: moja itakimbia haraka ikigusa maji, nyingine itakwenda taratibu, moja itaamka upesi baada ya kukauka kwenye paleti. Hiyo inatokana na kilichowekwa ndani pamoja na pigmenti, yaani gundi ya mgunga, glisirini, asali, nyongo ya ng'ombe, kila mtu na jiko lake.

Ila usinunue PG7 ukaipaka hivihivi kwenye jani. Mbichi ni kali mno, haifanani na kitu chochote kinachoota Uganda. Na iking'ang'ania karatasi haitoki. Hiyo ni ya kuchanganyia.

RangiZaPwani, Mombasa

Jirani zangu, kuna jambo mmelipita haraka: asali. M. Graham wanaweka asali, Sennelier vilevile. Hapa kwetu, kwa huu unyevu, rangi ya asali niliyoikamua kwenye kibati haikukauka kamwe. Ukikiinamisha inatembea mpaka kwa jirani yake. Nyinyi mko kando ya ziwa, sidhani kama mtasalimika. Kama unachorea nyumbani na unakamua mbichi kutoka kwenye tyubu, sawa, ni rangi tamu sana. Kama unabeba kibati kwenye boda, fikiria mara mbili. Hata sisimizi wanaijua.

MuyembeMbivu, Mukono

Sisimizi tena 😂. Haya, nimekubali kuna elimu humu. Lakini swali: kama jicho linaona sawa, namba zina kazi gani? Mimi naweza kuchanganya PG7 na njano yoyote na kahawia kidogo hadi ifanane na ile ya zamani. Kwani si ndiyo uchoraji wenyewe?

FundiTaa, Entebbe

@MuyembeMbivu hapo ndipo penye mtego, na ni mtego wa hoteli hasa. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa pigmenti tofauti zinaweza kufanana kabisa mchana dirishani, halafu usiku chini ya taa ya njano zikaachana, moja ikageuka ya kahawia na nyingine ikabaki kijani. Kila pigmenti inarudisha mwanga kwa namna yake, na taa haitoi mwanga sawa na jua. Picha zinakwenda kwenye ukumbi wenye taa za mapambo, si ndiyo? Basi ukichanganya kwa jicho tu, mama mwenye macho atakupigia simu saa mbili usiku.

Ukitumia pigmenti zilezile, hilo halitokei, au likitokea linatokea kwa picha zote pamoja na hakuna atakayeona.

MajaniMabichi, Kampala

Kweli taa zao ni za njano, nimeziona, ukumbini na hata kwenye korido. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Sasa nimebaki na njia mbili. Moja, nimwambie ndugu yangu aniletee Sap Green ileile ya Winsor & Newton, nimalize salama. Mbili, aniletee PG36 peke yake na PY110 peke yake, nichanganye mwenyewe, na hapo sitegemei tena kampuni. Mnasemaje?

MzeeWaManila, Mbale

Kwa kazi hii, ya kwanza. London ndiko nyumbani kwao Winsor & Newton, walianza hapo mwaka 1832, ndugu yako hatasumbuka kuipata. Mwambie achukue ya mililita 14, si ile ya 5, kwa sababu majani ya mgomba yanakunywa rangi. Umemaliza nusu ya ukuta, huu si wakati wa majaribio.

Kwa maisha yako ya mbele, ya pili. PG36 kwa Winsor ni Winsor Green (Yellow Shade), kwa Daniel Smith ni Phthalo Green (Yellow Shade). PY110 kwa Daniel Smith inaitwa Permanent Yellow Deep. Ukiwa na hizo mbili unajipikia Sap Green, ukiongeza njano unapata jani changa la chai, ukitia kahawia kidogo unapata mvule wa mbali. Tyubu moja ya kijani kilichochanganywa kiwandani haikupi hayo yote.

KalamuNaMaji, Jinja

Mzee, hapo nitakupinga kidogo. Anayechora ukuta wa majani anahitaji kijani kilekile leo na kesho kutwa. Ukichanganya mwenyewe, kisahani cha asubuhi hakifanani na cha jioni. Mimi najua uzito wa mkono wangu, siuamini. Labda achanganye kiasi kikubwa mara moja, akijaze kwenye kikopo kidogo chenye mfuniko, kikauke, awe analowesha. Hapo sawa.

MzeeWaManila, Mbale

Nimekubali hiyo ya kikopo. Akoroge kwa kisu cha paleti, si kwa brashi, brashi inaficha rangi tumboni.

FundiTaa, Entebbe

Ukipata tyubu mpya, usiiguse picha kabla ya kuipima, hata kama jina na kampuni ni zilezile. Kampuni hubadilisha mchanganyiko na jina likabaki. Mfano unaojulikana ni Quinacridone Gold ya Daniel Smith: ilikuwa PO49, pigmenti hiyo ikaacha kutengenezwa baada ya viwanda vya magari kuacha kuitumia, sasa tyubu yenye jina hilohilo ni PO48 na PY150.

Kupima ninavyofanya mimi: nachukua kipande cha karatasi ileile ya kazi, gramu 300 kwa mita ya mraba, si manila ya shule, maana manila inakunywa na kila rangi inatoka imekufa. Napiga mstari wa marka nyeusi isiyoyeyuka kwa maji, nauacha ukauke. Napaka rangi ya zamani na mpya juu ya mstari huo, brashi ile ile, nikianza nzito na kuishia maji matupu. Rangi inayoacha ukungu juu ya mstari mweusi ni nzito, haipitishi mwanga vizuri. Ikikauka kabisa, nalowesha brashi safi, nasugua katikati ya mchirizi na kufuta kwa tishu, kuona inatoka au imeng'ang'ania. Halafu nakata kipande, nusu nafunika kwa kadibodi, nusu nabandika dirishani. Jua letu hili halina huruma. Rangi hizo zako zinasifika kwa kuvumilia mwanga, sitegemei shida, ila boksi zisizo na namba zinazouzwa kwa bei ya soda hazimalizi msimu.

Na usihukumu rangi ikiwa mbichi. Rangi za maji zinapoa zikikauka.

NyasiNdefu, Tororo

Samahani kuingilia, mimi ni mwanafunzi. Kwenye boksi langu la Cotman kuna Viridian Hue. Ni ile Viridian wanayoisifia kwenye vitabu?

KalamuNaMaji, Jinja

Hapana mdogo wangu. Viridian yenyewe ni PG18, ya kromiamu, Guignet alichukua hataza yake Ufaransa mwaka 1859. Ni ya upole, inaacha chembechembe kwenye mabonde ya karatasi, na ukikosea inafutika. Hiyo yako ni PG7, ina rangi ya karibu lakini tabia ya mbali: haina chembechembe na haifutiki kirahisi. Si mbaya, bei yake ni nafuu na kwa kujifunza inatosha kabisa. Ila ukifuata somo linalosema "sasa futa kwa brashi", usishangae ikigoma.

PG18 nayo ni mfano wa pigmenti moja inayotofautiana kati ya kampuni. Nyingine ina mchanga, nyingine ikikauka inakuwa jiwe, unasugua hadi brashi inanyonyoka. Kwa hiyo ile kauli yangu ya juu kuhusu pigmenti moja, PG7 inaitii kuliko PG18.

RangiZaPwani, Mombasa

Na Hooker's Green je? Ipo kila boksi.

MzeeWaManila, Mbale

Hadithi ileile. William Hooker alikuwa mchoraji wa matunda huko London, alifariki 1832, alichanganya buluu ya Prussia na njano ya gamboge ili apate majani. Leo kila kampuni inachanganya yake. Mwone mchoraji wa mimea kama wewe, MajaniMabichi, hakungoja tyubu.

MajaniMabichi, Kampala

Nimeandika orodha, nimemtumia ndugu yangu kwa WhatsApp pamoja na picha ya tyubu ya zamani mbele na nyuma: Sap Green ya Winsor & Newton Professional mililita 14, na Winsor Green (Yellow Shade) mililita 5. PY110 nitaitafuta Nairobi kwa mtu mwingine. Nimemwambia kama namba za nyuma si PG36 na PY110, asinunue, anipigie kwanza.

Ya Daniel Smith namrudishia mwenyewe, ingawa kwa kweli nimeipenda kwa mafunjo yaliyozeeka. @FundiTaa, tyubu zikae kwenye begi la mkononi au la chini?

FundiTaa, Entebbe

La chini, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, katikati ya nguo. Zikiwa kwenye begi la mkononi wanaweza kuzihesabu pamoja na vimiminika. Na mwambie asikikaze kifuniko kwa nguvu kikishachafuka, ataivunja shingo ya tyubu.