Semina za kustahimili msongo: afunzwe mkunga, au afunzwe anayempangia zamu?

Mkunga, hospitali ya mkoa (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, wiki iliyopita nilihudhuria semina na nimerudi na jambo linanikaba. Nalileta hapa tulijadili.

Mada ilikuwa kuzuia uchovu wa akili kwa watoa huduma za afya. Mwezeshaji alikuwa mtu mwema, anayejua kazi yake. Alitufundisha kupumua kwa kuhesabu, kulala vya kutosha, kutenga muda wa familia. Dada aliyekaa nyuma yangu alikuwa ametoka zamu ya usiku asubuhi ileile, akaja moja kwa moja kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye orodha. Alilaza kichwa juu ya mkoba akasinzia. Hakuna aliyemwamsha, wote tulijua anatoka wapi.

Sasa niwape usiku mmoja. Tulikuwa wakunga wawili leba, vitanda sita vimejaa. Mama wa uzazi wa tatu alijifungua salama, kisha damu ikagoma kukata. Oksitosini, sindano ya kukaza kizazi, tulichoma, kizazi tulikanda, uniti mbili za damu zilizokuwepo zikaingia, ya tatu ikawa bado inatafutwa. Alifariki saa tisa na robo usiku. Nilimfunga taya kwa bandeji, nikamfunika kitenge chake, kile alichokuja nacho cha kumpokelea mtoto. Kabla sijamaliza, kitanda cha nne kikaita, "Sista, anatoka!" Nikavua glavu, nikavaa nyingine. Saa kumi kasoro dakika ishirini nilikuwa nampa mama mwingine hongera.

Baadaye kilifanyika kikao cha kupitia kifo. Kikao hicho nakitetea, kinaokoa watu. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ilijazwa? Damu iliombwa saa ngapi? Daktari aliitwa lini? Maswali ya haki kabisa. Ila tangu usiku ule mpaka leo hakuna kiongozi aliyeniuliza mimi ninalalaje.

Hoja yangu ni hii: mafunzo yaanzie kwa mganga mfawidhi, matroni na yule mwenye daftari la zamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, uliotoka Septemba 2022, unapendekeza wasimamizi wafunzwe, na unataka kazi yenyewe iangaliwe, si mfanyakazi peke yake. Shirika hilohilo linaueleza uchovu huu kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa. Mahali pa kazi, jamani. Mbona dawa napewa niende nayo nyumbani?

Na ninataka iwe lazima: baada ya kila kifo, timu yote ikae, kila mtu asimulie alichokiona.

Muuguzi mfawidhi mstaafu

Mwanangu, pole sana. Nimekusoma mara mbili.

Nimepanga zamu miaka kumi na minane. Majina kumi na moja kwenye daftari, mmoja yuko likizo ya uzazi, mmoja masomoni, mmoja anauguliwa na mtoto. Ukinifundisha kumtambua aliyeelemewa, nitawatambua wote kumi na mmoja. Halafu? Nikimtoa mmoja leba, namweka nani? Mtanipa cheti cha semina, na siku mkunga akianguka wataniuliza, "Si ulifundishwa?" Mafunzo ya msimamizi bila watu ni kumwongezea mzigo wa lawama.

Sisi tulikuwa tunaingia chumba cha kuoshea vifaa, tunalia, tunanawa uso, tunarudi. Sisemi ilikuwa vizuri. Wapo wenzangu waliostaafu wakali kama pilipili, na nawajua walivyokuwa wasichana.

Kijana, Nairobi

Mimi si mtu wa hospitali. Nilikuwa nachuja maudhui ya mtandaoni: video za watu kuchinjwa, za watoto kuumizwa, naziangalia mimi ili wewe usizione. Kampuni siitaji.

Kwetu semina zilikuwepo, tena na washauri, na chumba chenye viti laini. Lakini ukienda kwa mshauri, mashine inahesabu dakika ulizokosekana kwenye meza, na msimamizi anakuuliza. Tukaacha kwenda. Kwenye karatasi huduma ipo, hata ukija kukagua utaiona.

Huko Marekani wachuja maudhui waliishtaki Facebook, na mwaka 2020 ikakubali kulipa dola milioni 52. Kwangu kilichokuwa na maana zaidi ya pesa ni kwamba ilikubali pia kubadilisha vifaa vya kazi: video ianze bila sauti, na iweze kutazamwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Aliyewahi kufanya kazi hii anaelewa. Sauti ndiyo inakufuata mpaka kitandani. Hapo hawakumfundisha mtu kuvumilia sauti, waliizima. Dada mkunga, nakuunga mkono.

Mshauri nasaha, Dodoma

Dada, nakuunga mkono kwa wasimamizi, ila kwenye lile la "lazima kila mtu asimulie" nakuomba urudi nyuma.

Njia hiyo ilijaribiwa miaka mingi kwa wazimamoto, askari, manusura wa ajali. Kikao kimoja mara tu baada ya tukio, kila mmoja anaeleza aliyoyaona. Tafiti zilipokusanywa pamoja, hakikuonekana kuzuia kiwewe, na baadhi ya waliopitia vikao hivyo walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko wasiopitia. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kisitumike kwa ajili hiyo. Mtu bado anatetemeka, unamrudisha kulekule kwa nguvu, mbele ya mkubwa wake.

Kinachofaa ni kidogo zaidi na cha taratibu: mkalishe, mpe maji au chai, msikilize akitaka kusema, mwache akinyamaza, asirudi nyumbani peke yake. Kisha mfuatilie. Wanamaji wa Uingereza walianzisha utaratibu ambapo mwenzako wa kikosi hichohicho, aliyefunzwa, anakaa nawe siku ya tatu hivi, na tena baada ya kama mwezi. Anaangalia usingizi, hasira, pombe, mahali unapopakwepa. Ukiwa hujakaa sawa, anakupeleka kwa mtaalamu.

Na semina msiitupe yote. Nimewapokea wauguzi waliodhani wamerogwa, wengine wakidhani imani imepungua, kwa sababu kila wakisikia toroli moyo unapiga. Walihitaji mtu wa kuwaambia mapema kwamba hiyo ni dalili, na inatibika.

Mzimamoto, Mwanza

Nilikuwa kisiwani Ukara Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka. Kilichonishika mimi hakikuwa somo. Ni sajenti wangu aliyekuja nyumbani Jumapili mbili mfululizo, akakaa barazani, akaongea na mke wangu habari za mahindi. Alitaka kuniona tu. Hajawahi kufundishwa na mtu. Wangapi wana sajenti kama huyo? Ndiyo maana nasema wafundishwe.

Mkunga, hospitali ya mkoa

Mshauri, nimekuelewa na neno "lazima" naliondoa. Usiku ule kama mtu angenilazimisha kusimulia pale pale, nadhani ningeacha kazi.

Lakini hoja ya msingi siiachi. Mama mfawidhi, umesema huna mtu wa kuongeza, nami sikuombi umwongeze. Ripoti ya asubuhi tunakabidhiana kila siku: waliojifungua wangapi, rufaa ngapi, vifo vingapi. Pale kwenye vifo, aulize mtu, "Nani alikuwa naye?" Jina liandikwe. Siku ya tatu lifunguliwe tena, na baada ya mwezi lifunguliwe tena. Anayeandika afundishwe kwa nini anaandika, na asilitumie jina hilo kuadhibu, maana tukihisi hivyo tutafanya kama kijana wa Nairobi, tutakimbia. Na siku ya semina isiwe siku ya mtu kutoka usiku.

Kwenye zamu nina swali moja kwako. Asubuhi ile mimi nilipangiwa kurudi usiku uleule, leba hiyohiyo, na kitanda kilikuwa kimeoshwa tu. Kwa majina yako kumi na moja, ungeniweka wapi?

Muuguzi mfawidhi mstaafu

Kliniki ya wajawazito. Siku tatu, nne. Yule wa kliniki naye ni mkunga, angeingia leba badala yako. Angelalamika, ningemwita ndani nikamweleza.

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, wala mimi sikujiuliza.